Mtafiti Akichukua Daftari la Mvua, Arudi Nalo

Mwezi uliopita niliwaomba walimu na watafiti waniandikie kuhusu kazi wanazofanya pamoja mashuleni: kupima mvua, kuhesabu mikoko, kufuatilia hali ya hewa. Barua zimejaa mezani, na hata wazazi na wanafunzi wameandika. Kwa wasionijua, nimefundisha Jiografia miaka 31, zaidi Tanga na vijiji vyake. Sasa ni mstaafu, lakini kipimamvua bado kiko uani kwangu na kila siku saa tatu asubuhi nakisoma. Leo najibu barua tano.

"Namba zetu zilienda wapi?"

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari ya kata, wilaya ya Lushoto. Miaka miwili iliyopita walikuja watafiti, wakatupa kipimamvua, wanafunzi wakapima mwaka mzima. Wakarudi, wakachukua daftari, wakagawa fulana, wakapiga picha, basi. Sasa kuna wengine wanataka kuja. Wanafunzi wananiuliza: zile namba zetu zilienda wapi? Niwapokee au niwakatalie?*

Marahaba, mwanangu. Wapokee. Ila safari hii wasiingie darasani kabla hamjakaa chini mkakubaliana, wewe, mkuu wako wa shule na wao. Na hilo swali la wanafunzi liandike ubaoni, mgeni alikute.

Yaliyokupata yalinipata na mimi. Vuli ya mwaka 1997, ile ya El Niño, shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa na kipimamvua cha shaba cha siku nyingi. Mvua ilinyesha mpaka kopo la ndani likafurika, tukawa tunakisoma asubuhi na jioni, watoto wamejifunika viroba vichwani. Tulijaza kauntabuku nzima. Mwaka uliofuata akaja mgeni wa utafiti, akaliomba kwa wiki moja tu. Sijaliona tena daftari lile, wala yeye sijamwona. Kuna kijana alikuwa akikanyaga tope kutoka kwao kila Jumamosi na Jumapili kuja kupima, na siku anamaliza shule sikuwa na hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kwanza kabisa, kibali. Mtafiti kutoka nje anayefanya kazi Tanzania hupata kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na anatakiwa awe na mtafiti mwenzake wa hapa nchini. Mwombe akuonyeshe, kisha andika jina na simu ya huyo mwenzake. Mgeni akishapanda ndege, huyo wa hapa ndiye utakayemfuata.

Halafu andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye sahihi. Daftari halisi libaki shuleni, yeye apige picha kila ukurasa kwa simu; kazi hiyo haimalizi nusu saa. Tarehe ya kurudi iandikwe, tarehe kamili, isiwe "tutawasiliana". Na akirudi aje na grafu ya mvua ya shule yenu, kubwa ya kubandika ukutani, asimame mbele ya watoto waliopima aeleze ameona nini. Akisema hana fungu la safari ya kurudi, mwambie alitafute kabla hajaanza. Kama kuna fungu la fulana, na la nauli linapatikana.

Na wewe una wajibu wako, mwanangu, maana mtafiti naye ana malalamiko yake ya haki. Anakuja kutoka mbali anakuta daftari lina matundu. Namkumbuka msichana mmoja wa kidato cha kwanza, mtoto makini, mwandiko wake ukiuona unaupenda. Nikafungua ukurasa wake wa Februari: siku nne zina namba, siku ishirini na nne hazina kitu. Nikamuuliza, "Hizi hukupima?" Akanijibu, "Nilipima Mwalimu, lakini hakukuwa na mvua, sasa ningeandika nini?"

Nilikaa naye chini ya mwembe mpaka kengele ya kipindi kingine ikagongwa. Nikamwambia, ukiandika sifuri umesema: nilikwenda, nikatazama, chombo kikavu. Ukiacha wazi umesema: hakuna aliyekwenda. Mtu aliye chuoni huko, miaka kumi baadaye, akikuta pameachwa wazi hajui kama lilikuwa jua kali au mpimaji alilala na malaria. Februari yote ya ukame inapotea hivyo, na hakuna hesabu itakayoirudisha. Mtoto akachukua kalamu akataka kujaza sifuri zote ishirini na nne palepale. Nikamzuia. Tukajaza zile tu ambazo yeye na mwenzake wa zamu walikumbuka kwa hakika, na pembeni tukaandika kwamba zimejazwa baadaye. Daftari lake la Machi halikuwa na tundu hata moja.

Kuna mahali pande zote mbili zimetimiza wajibu wao, na ningependa uwasimulie wanafunzi wako. Tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado huko Marekani, ulikumbwa na mafuriko yaliyoua watu 5. Upande wa magharibi wa mji zilinyesha zaidi ya milimita 350 kwa siku moja na ushee, ilhali sehemu nyingine za mji huohuo zilipata mvua ndogo tu. Vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuonyesha tofauti hiyo. Mwaka uliofuata wataalamu wa hali ya hewa wa chuo kikuu cha jimbo hilo walianzisha mtandao wa CoCoRaHS: watu wa kawaida, shule nazo zikiwemo, kila mmoja na kipimamvua cha plastiki uani, anasoma asubuhi na kutuma namba yake. Leo wapimaji ni maelfu, wamefika hadi Canada na Bahamas. Siku kavu wanahimizwa watume sifuri. Na namba ikishatumwa inatokea kwenye ramani, mtoto anaiona nukta yake siku ileile. Hakuna wa kumuuliza namba zimeenda wapi.

Mpango wa GLOBE, ulioanza 1995 na sasa uko katika nchi zaidi ya 120, umejengwa hivyohivyo: mwanafunzi anapima kwa utaratibu uliowekwa na wanasayansi, namba zinabaki wazi kwa wote. Na hapa kwetu Afrika kuna TAHMO, mtandao wa vituo vya hali ya hewa ulioanzishwa na wataalamu wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, na Oregon State, Marekani. Vituo vyake vingi vimewekwa kwenye viwanja vya shule, kwa sababu shuleni pana mlinzi, na pana watoto wa kujifunza. Wageni wako wapya waulize wako tayari kufanya hata nusu ya hayo.

Watoto walisinzia

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nafanya utafiti wa kaboni kwenye mikoko mkoa wa Pwani. Nilikaribishwa kuzungumza na darasa la sita. Nilileta projekta na picha nzuri, lakini baada ya dakika kumi nusu yao walikuwa wamesinzia. Nimekosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo jema kuniuliza, wengi huondoka wakisema watoto hawana akili.

Mikoko iko mlangoni kwao nawe umewafungia ndani wakaitazame ukutani. Watoe nje. Lakini kabla ya kuwatoa, waulize maji yatakupwa saa ngapi. Niliwahi kuongozana na mtafiti aliyepanga safari kwa kalenda ya ofisini kwake, tukafika ufukweni alasiri ya bamvua la mwezi mpevu, maji yamejaa hadi kwenye minazi. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu hadi nne. Mtoto wa darasa la tano, baba yake mvuvi, akamwambia kwa adabu, "Mjomba, ungeniuliza jana." Tukarudi kesho yake asubuhi, maji yamekupwa. Tangu hapo mtafiti yule hakupanga siku bila kumuuliza yule mtoto kwanza, na kazi yao ilikwenda vizuri.

Mkifika, nyamaza. Waache wao wakutajie miti: huu mkoko, ule mchu, kule mlilana, huku nyuma mkandaa na mkomafi. Wengine watakwambia mkandaa bibi alitumia magamba yake kupaka rangi, mkoko ndio boriti za nyumba, mlilana hutengenezewa mataruma, yaani mbavu za chombo cha baharini. Wewe una majina ya Kilatini, wao wana haya. Yaandikeni yote kwenye safu mbili za daftari moja.

Kisha mpe kila mmoja kamba na rula. Mti wa kawaida huzungushiwa kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, karibu na kifua cha mtu mzima. Lakini mkoko una mizizi yake ya kusimamia kama miguu ya buibui, sasa kifua kiko wapi? Waache wabishane. Watabishana sana, na hapo hakuna atakayesinzia. Baadaye ndipo uwaambie ninyi wataalamu mmekubaliana kupima juu ya mzizi wa juu kabisa, sentimita 30 hivi. Mzunguko wakiugawa kwa 3.14 wanapata kipenyo, hesabu wanayoijua.

Ukifika kwenye kaboni, chimba tope. Liko jeusi na linanuka yai viza. Waulize kwa nini. Tope lile limejaa maji, hewa haipiti, majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, inalala humo miaka na miaka. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko iko chini kwenye tope, mtini ni sehemu ndogo. Ukikata mkoko na tope likafunguka, kilicholala humo kinaanza kurudi hewani. Mtoto aliyenusa tope lile hatasahau. Picha ulizowaonyesha ukutani wameshazisahau.

Halafu wasimulie ya Gazi, Kwale, kusini mwa Mombasa, maana watoto hupenda kujua kwamba wenzao wapo. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, walikuwa wakipima mikoko ya ghuba ile kwa miaka mingi. Mwaka 2013 ikaanza Mikoko Pamoja: wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayozuiliwa, tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka, inauzwa kwa wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayotoa wao. Fedha zimenunua vitabu vya shule na kuvuta maji ya bomba. Bila miaka ile ya kupima wasingekuwa na cha kuuza, na bila wanakijiji kulinda, vipimo vingebaki vya msitu uliokatwa. Kina mama wa Gazi wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, wanafunzi na wageni hutembezwa humo.

Rudi shuleni kwao, mwanangu. Projekta iache nyumbani.

Mtihani au mvua?

*Assalaam aleykum Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la saba. Kila asubuhi ana zamu ya kipimamvua shuleni. Mimi naona wanampotezea muda, mtihani uko karibu. Nisemeje na mwalimu wake?*

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Zamu ile inachukua dakika tatu, na pengine ndizo dakika anazojifunza hesabu vizuri zaidi kwa siku nzima. Jioni akirudi muulize hili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lao lina urefu wa mita 8 na upana mita 7, leo imenyesha milimita 25. Ni madumu mangapi ya lita ishirini yangejaa kama yasingemwagika? Akikujibu 70, muulize dumu mtaani kwenu linauzwa shilingi ngapi, mkokotoe pamoja. Mwalimu wake umsalimie tu.

Theluji ya Kilimanjaro na shoka la mkulima

*Mwalimu mwenzangu, mimi niko Rombo. Miaka yote nimefundisha kwamba barafu ya Kilimanjaro inaisha kwa sababu watu wanakata miti. Juzi alikuja mtafiti, akawaambia wanafunzi si hivyo. Nilijisikia vibaya mbele yao. Nani mkweli?*

Mwalimu mwenzangu, pole. Nimesimama hapo ulipo, najua kunavyochoma. Mgeni angekutafuta pembeni kwanza, muingie darasani mkiwa mmeshazungumza. Hilo ni kosa lake. Lakini katika hoja yenyewe yuko karibu na ukweli kuliko tulivyokuwa sisi.

Barafu inapungua, hilo halina ubishi. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha kilomita za mraba 11.4 hivi, mwaka 2011 zilikuwa zimebaki kama 1.8. Sababu ndiyo yenye mambo mengi. Kule Kibo, karibu na kimo cha mita 5,895, wastani wa joto uko chini ya nyuzi sifuri, na barafu nyingi haiyeyuki ikatiririka. Jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, na vipimo vyake vilisaidia sana kulielewa hilo. Barafu ilianza kurudi nyuma tangu mwisho wa karne ya 19, hali ya hewa ya huku kwetu ilipokuwa kavu zaidi: theluji mpya ikawa chache, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya nyeupe hunywa jua zaidi. Ongezeko la joto duniani, ambalo kwa muongo wa 2011 hadi 2020 lilifika nyuzi 1.1 kulinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, limeingia juu ya hali hiyo, na hugusa pia bahari ya Hindi, inakotoka mvua yetu. Ukataji wa miti mteremkoni ulichunguzwa, na mwaka 2012 ikachapishwa kwamba mchango wake kwa barafu ya kileleni ni mdogo.

Najua unachohofia, kwamba wanafunzi watasema basi tukate. Hapana. Maji ya mifongo yenu, ile mifereji ya mashambani, ya mito na chemchemi, kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu, barafu inachangia kidogo sana. Msitu waulinde kwa ajili ya maji, na sababu hiyo ni ya kweli na inatosha. Mtoto uliyempa sababu isiyo ya kweli, siku akiijua, hata lile la kweli ulilomwambia atalitilia shaka.

Mwite yule mtafiti tena. Simameni wawili mbele ya darasa lilelile, wewe uanze: "Mwaka jana niliwafundisha hivi, leo nimejifunza hivi." Yeye aeleze jinsi wataalamu wenyewe walivyobishana miaka mingi juu ya mlima huu, na bado wanapima. Nimewahi kufanya hivyo kuhusu jambo jingine, nikiwa na miaka ishirini kazini. Nilitetemeka. Baada ya kipindi kile wanafunzi waliniuliza maswali kuliko mwezi wote uliotangulia.

Mdogo wangu kamwaga

*Shikamoo Bibi. Mimi nasoma kidato cha pili, Pangani. Nataka kupima mvua nyumbani lakini sina kipimamvua. Nilitega kopo la rangi, mdogo wangu akamwaga maji kabla sijapima. Nimeandika milimita 12 kwa kukisia. Ni sawa?*

Marahaba, mjukuu wangu. Tuanze na chombo. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyobonyea kiunoni. Ikate sehemu ya juu, kipande ulichokata ukigeuze mdomo chini, kiingie kama faneli ili maji yasikauke upesi. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo tia kokoto kidogo, nazo zitaizuia isipeperushwe na upepo wa kusi, mimina maji mpaka yazifunike na kufika kwenye ubavu ulionyooka, hapo chora mstari: ndio sifuri yako. Bandika rula ianzie hapo. Mdomo wa juu na ubavu vina upana mmoja, kwa hiyo milimita moja ya rula ni milimita moja ya mvua. Kila asubuhi saa tatu soma, jicho likiwa sawa na maji, kisha punguza mpaka mstari wa sifuri. Kama jua limeyashusha chini ya mstari, yajazie.

Iweke mbali na paa na miti. Mwembe wenu ukiwa na kimo cha mita 10, chupa ikae mita 20 kutoka hapo. Ukishindwa kupata nafasi hiyo, andika ulipoiweka.

Sasa hiyo 12. Ifute kwa mstari mmoja, isomeke bado, na pembeni uandike: "Ilinyesha, maji yalimwagwa na mdogo wangu kabla ya kupimwa." Usiandike sifuri, maana mvua ilinyesha, na usiache wazi, maana ulikwenda. Huyo mdogo wako usimfukuze. Mpe kazi ya kushika kalamu wewe ukisoma, na Jumamosi umwache asome yeye.